Ushuru wa manispaa unavyopangwa, na we mfanyabiashara wa Kigoma uingie wapi kabla haujapita

Julai ikifika ndo kelele zinaanza. Kijana wa ushuru anakuja na mashine yake ya POS, jana ulilipa kiwango hiki leo anakwambia kimebadilika, mama wa dagaa anashika kiuno, mwenye genge anasema mi silipi, na yule kijana maskini ya Mungu hana la kujibu maana kapewa mashine imeshawekwa bei. Nimeuza mawese na dagaa mjini hapa muda mrefu na nimewahi kushika ukatibu wa wafanyabiashara wenzangu, na kinachoniuma kila mwaka ni hicho hicho, tunapigania kiwango siku ambayo kimeshakuwa sheria. Julai mosi ni siku ya kwanza ya mwaka wa fedha wa serikali. Kiwango unachokiona siku hiyo kilianza kusemwa huko Novemba au Desemba, kikakaa vikaoni Januari na Februari, na miezi hiyo mimi na wewe tulikuwa tunahangaika na sare na madaftari ya watoto, hakuna aliyeikumbuka manispaa.

Kwahiyo hapa nataka nipite njia yote, kinaanzia wapi, kinapita kwa nani, na pale ambapo mtu wa kawaida anaweza kuweka neno lake likaandikwa. Naongelea Kigoma Ujiji kwa sababu ndo kwetu, ila wenzetu wa Tabora manispaa njia ni ile ile maana sheria ni moja.

Kwanza kabisa jua hiyo hela unayodaiwa ni ya nani. Nimeona watu wamejaa ofisi ya kata kwa jambo ambalo diwani hana mkono nalo. Bili ya maji ni ya KUWASA, mamlaka ya maji ya Kigoma, na bei yake inapita EWURA, wadhibiti wa bei za maji na nishati. Kodi ya jengo imeshatoka kwenye mikono ya manispaa, toka Agosti 2021 inakatwa kwenye LUKU, ukinunua umeme. Gharama za bandarini ni za TPA, mamlaka ya bandari. Ushuru wa mazao na ule ushuru wa huduma unaotozwa kwenye mauzo ya biashara, ukomo wake kaweka Bunge kwenye Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura 290, halmashauri haiwezi kuuvuka, na hapo kwenye mazao wengi bado hawajui kwamba toka 2017 ilielekezwa mzigo usiozidi tani moja ukitoka halmashauri moja kwenda nyingine usitozwe. Leseni ya biashara nayo viwango vyake ni vya nchi nzima. Mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, angalia sana, kuna tozo za uvuvi za wizara na kuna za manispaa, soma risiti itakwambia hela imeenda wapi.

Sasa kinachobaki ndo chetu, vile ambavyo manispaa inavipanga yenyewe kwa sheria ndogo. Ushuru wa soko wa kila siku, kodi ya vizimba na fremu za manispaa, ada ya taka, choo cha soko, stendi, machinjio, mnada, vibali vya ujenzi. Hivi ndivyo unaweza kuvisemea na vikabadilika. Na katika hivi tenganisha ada na ushuru. Ada ni malipo ya huduma, unalipa taka kwa sababu gari la taka linakuja, kwahiyo una haki ya kuuliza huduma yenyewe inagharimu shilingi ngapi. Ushuru ni mapato, pale manispaa inatafuta hela ya kuendesha mambo yake yote, swali lako linakuwa lingine, je nauweza na je tunalipa wote.

Ngoja niseme na hili kabla sijaendelea, mi si mtu wa kusema ushuru ufutwe. Wakubwa zangu wanaikumbuka kodi ya maendeleo, ile ya kichwa, watu walikuwa wanakimbia mgambo mpaka ilipofutwa 2003 pamoja na ushuru mwingi mdogo mdogo wa kero, na kufutwa ilikuwa sawa kabisa. Lakini soko bila hela ya kuzoa taka nalo tumeliona linavyonuka masika. Na ile mikopo ya asilimia 10, nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu, inatoka kwenye mapato ya ndani haya haya. Ninachotaka ni kiwango kipangwe na watu wakiwepo.

Haya, njia yenyewe. Inaanzia kwa wataalamu, mweka hazina na watu wake, afisa biashara, watu wa taka na usafi, mwanasheria wa manispaa. Wanakaa wanaangalia mwaka jana tulilenga kukusanya kiasi gani, tumepata kiasi gani, chanzo gani kimelala, wenzetu wa manispaa nyingine wanatoza ngapi, na mwongozo wa bajeti kutoka juu unasema nini. Rasimu inapita kwenye menejimenti ambako mkurugenzi na wakuu wa idara wanaijadili, halafu inashuka kwa wadau (au inatakiwa ishuke), inapanda kwenye kamati za kudumu za madiwani, na kamati nzito hapo ni ya Fedha na Uongozi, hii inakaa kila mwezi. Kutoka hapo ndo Baraza la Madiwani kwa mstahiki meya. Kama ni sheria ndogo mpya au marekebisho ya ile ya zamani, manispaa inatakiwa itoe tangazo kwa wananchi kwamba tunakusudia kutunga sheria hii, rasimu ipo ofisi fulani, mwenye pingamizi alete kwa maandishi kabla ya tarehe fulani. Baada ya hapo inapita mkoani kwa maoni inaenda kwa waziri wa TAMISEMI, wizara ya serikali za mitaa, akiridhia inatangazwa kwenye Gazeti la Serikali inapata namba yake, ile tunaita GN. Bila GN hiyo karatasi bado ni rasimu tu hata kama baraza zima limepiga makofi.

Ukiiangalia hiyo njia utaona sehemu ambazo mtu wa sokoni anaweza kuingia ni chache na zote ziko mwanzoni. Siku ya Baraza watu wanafurika wakidhani ndo mechi inachezwa pale. Mikutano ya Baraza iko wazi, nenda kaa jukwaani usikilize, ni haki yako, ila wewe huongei pale, wanaongea madiwani. Na madiwani wenyewe siku ile wanapitia muhtasari wa kamati, jambo lililoshafungwa kwenye kamati ya fedha ni shida sana kulifungua. Kwahiyo diwani wako umpate kabla ya kamati, na kumpata kwenyewe si kumvizia msibani ukamlalamikia huku ameshika sahani ya wali, hapana, mpelekee jambo kwenye kamati ya maendeleo ya kata. Ile kamati mwenyekiti wake ni diwani mwenyewe, katibu ni mtendaji wa kata, wajumbe ni wenyeviti wa mitaa. Likiingia pale linaandikwa kwenye muhtasari, na muhtasari unapanda manispaa. Neno la mdomo halipandi popote.

Kwa hiyo ratiba ya mwaka mi naifanya hivi. Oktoba tunakaa sisi kwa sisi sokoni. Novemba tunakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji tunaomba jambo letu liwe ajenda ya mkutano wa mtaa halafu liende kata. Desemba tunaandika barua kwa mkurugenzi. Januari na Februari kamati na Baraza la bajeti, hapo tunafuatilia tu. Machi mpaka Juni mambo yameshakuwa ya mkoa, TAMISEMI na Bunge, huko hatuna mguu. Sheria ndogo yenyewe inaweza kurekebishwa hata katikati ya mwaka, haifuati bajeti kila mara, kwahiyo ubao wa matangazo wa kata na wa manispaa upitie kila wiki, teueni mtu mmoja anayepita njia hiyo kila siku apige picha aweke kwenye grupu. Mwaka wa uchaguzi mkuu ujue kuna kipindi mabaraza yanavunjwa, ilikuwa hivyo Juni 2020 na Juni 2025, mnakaa miezi bila diwani, kwahiyo mwaka huo wahini mapema zaidi.

Hilo la ubao nalisema kwa uchungu. Zamani nilipokuwa nauza kwenye soko jingine ambalo silitaji, lilibandikwa tangazo la namna hiyo, karatasi mbili zimepigwa mhuri, pembeni ya tangazo la mbuzi aliyepotea. Tukapita pale zaidi ya wiki mbili, kila mtu akidhani ni mambo ya zabuni. Siku ya mwisho ya pingamizi ikapita. Kiwango kilipoanza mama mmoja jirani yangu wa meza, alikuwa anauza ndizi mbivu na nyanya, alijitahidi miezi miwili akashindwa akarudi kuuzia barazani kwake ambako wateja hawafiki. Tulipoenda kulalamika tuliulizwa swali moja tu, pingamizi lenu liko wapi. Hatukuwa na jibu. Waliotuuliza hawakukosea hata kidogo kisheria, na hiyo ndo iliniuma kuliko kitu kingine.

Sasa niingie kwenye kazi yenyewe, kuandaa hoja, na hapa ndo naomba mtulie. "Maisha magumu" si hoja. Kila mtu anasema maisha magumu na manispaa nayo itasema maisha magumu. Hoja ni namba.

Omba kwanza taarifa. Unaenda kwa afisa biashara au mweka hazina unaomba kwa maandishi: soko letu mwaka jana lilikadiriwa kukusanya kiasi gani, likakusanya kiasi gani, na gharama za kuliendesha ni zipi, mlinzi, umeme, maji, gari la taka, matengenezo ya choo. Kuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, ofisi ina siku 30 za kukujibu, itaje kwenye barua kwa heshima tu bila kutishia mtu. Na sisi Kigoma hili la uwazi lisitushinde, mwaka huo huo wa 2016 manispaa yetu ilichaguliwa kuwa kati ya maeneo 15 duniani ya kujaribu ule mpango wa kimataifa wa serikali za uwazi kwenye ngazi ya chini, nchi ikajitoa kwenye mpango 2017 lakini sheria ya taarifa ipo pale pale.

Halafu hesabuni wenyewe. Tuseme soko lina vizimba 300, ushuru 500 kwa siku, siku za biashara 26 kwa mwezi. Ni 3,900,000 kwa mwezi, kwa mwaka 46,800,000. Mmepewa taarifa kwamba mwaka jana zilikusanywa 32,760,000. Maana yake imepatikana asilimia 70, zimepotea 14,040,000 njiani, kuna wasiolipa, kuna mashine iliyokuwa mbovu, kuna waliolipa bila kupewa risiti. Sasa manispaa inapendekeza 700 kwa siku ili ipate zaidi, na nyie mnaweka hesabu mezani kwamba kwa 500 ile ile tukilipa wote wa vizimba 300, pengo la milioni 14 linazibika bila kumuongezea mtu shilingi, na sisi kamati ya soko tuko tayari kusimamia tulipe wote. Hizo namba ni za mfano, wekeni za kwenu, lakini nakuhakikishia diwani akipewa karatasi kama hiyo anaingia nayo kwenye kamati ya fedha kifua mbele, kwa sababu umempa kitu cha kusema na cha kuwaambia wataalamu waipigie hesabu upya.

Na siku 26 zenyewe zichunguzeni. Hapa ndo pana jambo la kwetu ambalo mtu aliyehamishiwa Kigoma juzi kutoka mkoa usio na ziwa hawezi kulijua mpaka aambiwe. Dagaa wanavuliwa na taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka mitumbwi inapumzika, mwalo unapoa, chanja zinabaki tupu. Mama anayetegemea dagaa wabichi wa mialo yetu ya Kibirizi au Katonga hana siku 26, ukimhesabia vizuri anapata kama 20, kwahiyo ukimtoza kwa mwezi kana kwamba kila siku ana mzigo unamtoza na siku ambazo ziwa halikumpa kitu. Ongeza na ule msimu wa kufunga ziwa, 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi toka 15 Mei hadi 15 Agosti, miezi mitatu. Ombi la watu wa dagaa basi lisiwe "punguzeni", liwe "tuandikieni kwa siku ya mzigo na si kwa mwezi, na ziwa likifungwa meza ya dagaa isidaiwe". Hilo ni ombi linaloandikika kwenye jedwali la sheria ndogo kwa mstari mmoja. Mwenye duka la fremu yeye hali yake nyingine, asijifiche nyuma ya mama wa dagaa.

Kwenye taka napo fanyeni hivyo hivyo. Gari linakuja mara ngapi kwa wiki, andikeni tarehe mwezi mzima kwenye daftari, mtu mmoja, kalamu moja. Kama ada imepangwa kwa gari la mara tatu na daftari linaonyesha mara moja, hapo hamuongelei umaskini wenu, mnaongelea huduma mliyolipia. Daftari la namna hiyo watu wa taka wa manispaa wanalikubali haraka kuliko kelele za watu mia.

Barua sasa. Usiandike kurasa nne. Juu anuani yenu ya soko na tarehe, kushoto Mkurugenzi wa Manispaa na anuani yake, halafu mwili uwe kama hivi:

"YAH: PINGAMIZI DHIDI YA KIWANGO CHA USHURU WA SOKO KWENYE RASIMU YA SHERIA NDOGO

Rejea tangazo lako la tarehe .... Sisi wafanyabiashara wa soko la ...., tulikutana tarehe .... tukiwa watu .... (orodha na sahihi imeambatishwa). Tunapinga kiwango kilichopo kwenye jedwali, kipengele cha ...., kwa sababu zifuatazo: (sababu mbili au tatu, kila moja na hesabu yake). Tunapendekeza kipengele hicho kisomeke: ....

Tunaomba pingamizi hili liwasilishwe kwenye kikao husika na tujulishwe uamuzi kwa maandishi."

Ule mstari wa "kisomeke" usiuache, ndo unaotofautisha malalamiko na pendekezo, mwanasheria wa manispaa anachukua maneno yenu anayaweka kama yalivyo kama yanafaa. Nakala peleka kwa diwani, kwa mtendaji wa kata, na moja ofisi ya mkuu wa wilaya. Peleka kwa mkono, masijala wagonge mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Nakala yenye mhuri ni mali, iweke kwenye faili na si kwenye mfuko wa suruali, nimeshaona moja ikifuliwa. Na mkiitwa kwenye kikao cha wadau, nendeni wachache mnaojua hesabu na mwanamke mmoja wa dagaa awepo aongee mwenyewe, halafu hakikisha majina yenu yameandikwa kwenye mahudhurio, maana rasimu ikipanda juu inaambatana na muhtasari wa vikao vya kushirikisha wananchi. Ukisaini mahudhurio bila kusema kitu nayo itasomeka kwamba ulishirikishwa ukakubali. Kwahiyo sema, na kabla ya kutoka muulize katibu ameandikaje ulichosema.

Mnaweza msipate mlichoomba chote. Manispaa inaweza kushusha 700 iwe 600, au ikabaki na 700 ila ikakubali la mbalamwezi. Hapo kaeni mkubaliane wenyewe kabla, kipi hatuachii na kipi tunaweza kuachia, maana mkibishana mbele ya kamati imekula kwenu.

Ikishapita na kutangazwa, mna kazi moja imebaki. Ombeni nakala ya sheria ndogo yenye namba ya GN ofisi ya mwanasheria wa manispaa, tafuteni lile jedwali la viwango, pigeni fotokopi, libandikeni sokoni juu kidogo mvua isifike, kubwa lisomeke. Mtu akija kutoza kiwango ambacho hakipo kwenye jedwali mnamuonyesha karatasi kwa upole, kama anacho cha kwake kipya naye aonyeshe GN yake. Kila malipo risiti ya mashine, au kontrol namba kama ni ya mwezi, hela ya mkononi bila risiti ni ile milioni 14 tuliyoihesabu pale juu na mwakani itarudi kama sababu ya kupandishiwa. Risiti za mwezi zifungeni kwa rababendi, Oktoba mkikaa tena anzeni kwa kuzihesabu.